Kupika kwa Pua

Mchi uligonga kinu gizani, tu, tu, tu, na Hidaya akajua mama yake ameinuka kitandani. Umeme ulikatika tangu magharibi. Mama alikuwa jikoni akiponda kitunguu saumu, mara ya kwanza tangu homa ile iliyomlaza wiki tatu.

"Mama, ngoja niwashe mshumaa."

"Wa nini? Mimi hiki nakipika kwa pua. Nyie wa siku hizi ndio mnaotaka taa."

Hidaya akacheka, akakaa mlangoni na binti yake Nasra. Mafuta yakalia chwaa. Harufu ikajaa jikoni, nzito na tamu, hata Nasra akameza mate. Kisha ikageuka, ikawa chungu, ikawasha koo.

Hidaya akasubiri mama aipue sufuria. Mama akaendelea kukoroga taratibu.

"Mnasikia kinavyonukia?" mama aliuliza kwa furaha. "Sasa ndio kinaanza kuiva."

Ndipo Hidaya akaelewa homa iliondoka na nini. Akaubana mkono wa mtoto amnyamazishe.

"Bibi, kimeungua," alisema Nasra.