Penye Kibanio

Nilikuwa napanga vitabu vipya kwenye meza ya mbele ya maktaba ya shule, mama mmoja akaingia amekumbatia kitabu cha zamani. Nilimjua. Jumamosi tulikuwa tumemzika binti yake.

"Nimekirudisha, mwalimu. Ni mali ya shule."

Katikati ya kurasa palikuwa na kibanio cha nywele, chekundu, bado kimeng'ata unywele mmoja. Nilitaka kukitoa, nikakiacha palepale.

Pole nilishampa makaburini. Nikamsogezea kitabu kipya kuliko vyote, bado kinanuka wino.

"Chukua hiki, mama. Kiwe kumbukumbu yake."

Akakirudisha mezani taratibu.

"Kusoma sijui, mwalimu. Yeye ndiye aliyekuwa ananisomea jikoni. Tuliishia hapo penye kibanio, akasema kesho tutamalizia."

Akavuta kiti cha watoto, akakaa, magoti yakamfika kifuani. Nikafunga mlango, nikakaa karibu naye, nikaanza kusoma pale penye kibanio.

Sentensi ya pili haijaisha, akanigusa mkono.

"Rudi nyuma kidogo, mwalimu. Hapo nilikuwa nahangaika na moto, sikumsikiliza vizuri."