Wimbo wa Twiga na Radi

Kila mlango ulifunguliwa kwa maneno manne yaliyookotwa ovyo na mashine, na sheria ilikuwa moja tu: yasiwe na maana yoyote kwa wenye nyumba. Mwanahawa alipewa sufuria, twiga, radi, msumari. Ili asiyasahau aliyatilia sauti ya kubembelezea, akawa anamlaza nayo bintiye, Zuhura.

Asubuhi moja alipotaka kutoka, mlango uligoma.

“Maneno haya mmeyapenda,” ulisema. “Yamefutwa. Yakitamkwa tena humu ndani, nyumba itafungwa.”

“Mmeyapenda!” Mwanahawa alifoka, akaupiga teke. “Kitasa kizima kinanichungulia moyoni!”

“Mama Zuhura, taratibu, unasikika,” mumewe alinong'ona. “Chukua mengine, yaishe.”

“Nitachukua. Na huyu akililia wimbo wake, nimwambie nini?”

Zuhura, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kutamka neno, alimtazama mama yake aliyevimba kwa hasira. Akamnyooshea mikono abembelezwe, akasema waziwazi, “Twiga.”

Taa ya mlango ikawa nyekundu. Mwanahawa alipozinduka, kiganja chake kilikuwa kimeuziba mdomo wa mwanawe.