Mkono Unaopepea

Msimamizi wa ukumbi alimvisha Mzee Chambuso vikuku vya nyaya mikononi, vilivyounganishwa na mashine ya muziki. "Cheza, babu. Ukitikisika tu, mashine inaimba."

"Leo umeme mnao," alisema Chambuso. "Mke wangu alipokuwa akikata roho wodini, mlisema umekatika."

"Hayo kawaambie wenyewe, hao wamekaa mbele."

Chambuso aliwatazama wakubwa wa mji kwa chuki. Kisha akafanya alichokifanya siku ile wodini: akapepea taratibu, kama aliyeshika kipepeo cha ukili juu ya uso wa mgonjwa. Spika zikatoa sauti kama ya pumzi nzito, ikipanda na kushuka.

Wakubwa wakapiga makofi.

"Inatosha, babu. Shuka," alisema msimamizi.

Alipolegeza mkono, pumzi ikafifia, kama ya mkewe siku ile. Chambuso akaanza kupepea tena, kwa nguvu, wala hakuthubutu kuushusha.