Shavu Kwenye Kioo

Asubuhi ile Mwanamvua aliung'oa waya wa kebo ukutani, kwa kuwa kebo yao haikuwa na kituo cha televisheni cha mjini. Jirani alikuwa ameapa kwamba jana, kwenye taarifa ya mafuriko, alimwona Hatibu, mwana wa Mwanamvua aliyepotea miaka minne iliyopita, akibeba magunia ya mchanga. Taarifa ingerudiwa saa saba mchana.

Mumewe, Shekue, alikuwa juu ya bati akigeuza antena mpya.

"Vipi huko, Mama Hatibu?"

"Chenga tupu! Geuza tena!"

Saa saba ilipogonga, sauti ya mtangazaji ikatangulia picha. Mwanamvua akawasha kifaa cha kurekodi.

"Hapohapo! Usiiguse!"

Maji yakaonekana, kisha magunia, kisha kijana mrefu aliyewapa mgongo. Alipoanza kugeuka tu, picha ikahamia kwingine.

Shekue akashuka mbio. Mkewe akairudisha nyuma, akaisimamisha palepale: sikio na nusu ya shavu.

"Ni yeye?"

Mwanamvua akapiga magoti, akaliwekea shavu lile kiganja, kama anayepima homa ya mtoto. Nyuma yake, Shekue alikwishaanza kutafuta viatu.