Amina ya Mama Mkwe

Tangu nyumba za ibada zianze kutozwa kodi, kila sala inayofungwa kwa "Amina" huhesabiwa kuwa huduma iliyouzwa. Hata kila nyumba ya muumini ina kinasa sauti darini. Kikilisikia neno hilo, taa yake huwaka nyekundu na parokia hulipa. Wakubwa wa parokia hawakugoma. Walituambia tukohoe badala yake, na atakayelitamka hatazikwa na padri.

Jumamosi asubuhi mama mkwe wangu, Bi Sekunda, alizidiwa. Katekista Pangrasi alikuja na wanajumuiya, akamwombea kwa maneno mazuri hadi nikalia. Kisha akakohoa. Sote tukakohoa.

"Fungeni sala yangu, jamani," Mama alisema.

"Imeshafungwa, Mama," Pangrasi alijibu, akiangalia dari.

"Kwa kikohozi? Mnaniombea au mna mafua?"

Jirani mmoja akamnong'oneza aitikie mwenyewe.

"Nijiitikie mwenyewe, kama sina watu?"

Akanigeukia mimi, niliyekula naye sahani moja miaka kumi na tisa. Nikakohoa.

Wenzangu walitoka kwenda uani kunywa chai. Mama akakata roho, mkono wake umo mkononi mwangu. Ndipo nikasema "Amina", kwa sauti, wakati hana tena haja nayo. Taa ikawaka.

Pangrasi alirudi mbio, kikombe bado mkononi. "Nani amefunga sala?"

Nikamnyooshea kidole marehemu.