Kigae cha Pili cha Matsangoni

Feri ya Kilifi ilikuwa imekwama ng'ambo, na Musyoka alikwisha kuvua viatu ili aogelee. Kuogelea kwenyewe hakujui. Mtu wa Kitui, maji aliyoyazoea ni ya mtungini.

"Mwalimu, una wazimu?" Njoroge, dereva wa lori la nazi aliyempa lifti kutoka Matsangoni, alimdaka ukosi wa shati.

"Mtambo wa kuchapa unawashwa saa tisa, Njoroge. Nisipopiga simu kabla ya hapo nimekwisha!"

Simu za Malindi na Kilifi zilikufa tangu mvua ya Jumatatu. Kuongea na Ulaya ilikuwa lazima afike Mombasa.

Yote haya kwa ajili ya kitabu. Miaka tisa Musyoka alichimba shamba moja Matsangoni, akishikilia kwamba Wagiriki wa kale walifika pwani hii. Wenzake chuoni walimcheka mpaka mbavu zikawauma. Kisha akafukua kigae cheusi chenye picha ya askari mwekundu mwenye mkuki, aliyekatika kiunoni, na kicheko kikakoma. Wataalamu wa Ulaya walizitazama picha za kigae kile, wakaupitisha mswada wake. Leo ndiyo siku ya kupigwa chapa.

Na leo hiyo hiyo, alfajiri, Kadii akabisha hodi. Huyu ndiye mwenye shamba, mama aliyewahi kufagia vyumba vya watalii Malindi kabla ya kurudi kulima. Katika leso alikuwa na kigae cha pili, ambacho kwake kilikuwa kifuniko cha mtungi.

"Niwie radhi, mwalimu," alisema, machozi yakimtoka. "Siku zote nilikuwa naogopa kusema."

Musyoka alivilinganisha vile vigae viwili. Viliingiana sawasawa, na askari akapata miguu yake.

"Kwa hiyo ushahidi umeupata," Njoroge alisema sasa, akitazama kifurushi kilichobanwa kwapani.

"Nimeupata."

"Basi furahi, bwana! Mbona unalia?"

Musyoka alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Iombee feri ije," alisema.

Ilikuja saa saba. Njoroge aliliendesha lile lori kama la kuiba, nazi zikidondoka njiani, na saa tisa kasoro dakika kumi wakaingia posta ya Mombasa. Penye simu palikuwa na foleni. Musyoka, mtu mzima na shahada zake, alipiga magoti mbele za watu akaomba apishwe. Mama mmoja alimwonea huruma, akampa zamu yake.

Sauti ya mhariri ilikuja ikikwaruza. "Una bahati, Bwana Musyoka. Tunakaribia kuanza. Kuna jambo?"

Alikifungua kifurushi, akakilaza kigae juu ya kaunta. Miaka tisa ya jua. Mke aliyechoka kungoja akarudi kwao. Akakumbuka pia kwamba Kadii aliapa, bila kuombwa, kuwa hatamwambia mtu mwingine maisha yake yote.

"Bwana Musyoka? Naona una habari njema. Niwaambie wasubiri, tuongeze ukurasa?"

Alifumba macho. Njoroge, aliyekuwa nyuma yake, alitabasamu akamgonga begani kumtia moyo.

"Msikichapishe," Musyoka alisema.

"Umesemaje?"

"Kitabu. Msikichapishe kabisa."

Njoroge alidhani hakusikia vizuri. Alikichukua kile kigae, akakigeuza. Kwenye kitako, chini ya miguu ya askari, palikuwa na maneno madogo ya Kiingereza yaliyochomwa pamoja na udongo: Ukumbusho kutoka Athens, 1974.