Risasi Nyeusi za Altaf

Bartholomeo aliinusa risasi kabla ya kusema lolote. Akaisugua ncha yake kwa kidole gumba, akamwelekezea mkewe kile kidole, na Mama Limi akasema kimekuwa cheusi kama kilichoshika sufuria ya kuni.

"Hizi umezipaka masizi," Bartholomeo alimwambia mwenye duka. "Mimi nilifuata risasi."

Mwenye duka, Altaf, alikuwa akiuza vifaa vya ujenzi, bunduki na risasi mjini Shinyanga kama baba yake kabla yake. Bartholomeo alikuwa bwana nyama wa serikali kwa miaka thelathini, na hakuna mtu mkoa ule aliyesifiwa shabaha kumzidi. Ilikuwa Februari ya mwaka tisini na nane, mvua za El Nino hazijakatika. Huko Masumbwe mbogo dume alikuwa ametoka porini akajiweka kwenye majaruba ya mpunga. Alishaua watu wawili. Ghala la ofisi yake ya wanyamapori halikuwa na kitu, na dukani zilibaki risasi nne tu za kawaida, zote zimeota kutu ya kijani, pamoja na boksi moja la hizi mpya, ishirini.

Altaf akaeleza kwamba ule weusi ni unga wa madini, unateleza kuliko grisi. Risasi inapita ndani ya mtutu bila kuacha mabaki ya shaba, mtutu hauliki upesi, na mtu anaweza kupiga kutwa nzima bila kusafisha.

Bartholomeo hakuyapinga hayo. Aliwahi kuyasikia kwa wawindaji wa Kizungu aliowasindikiza porini. Lakini alisikia pia kwamba unga huo unashika unyevu, na kwa mvua hizi mtutu ungeweza kuota kutu kabla hawajafika. Tena yeye bunduki yake ilisafishwa kila jioni, na kutoka kwenye mtutu safi risasi hizi huyumba mpaka unga uenee ndani.

"Mbogo hanipi risasi tatu za kujaribia," alisema. "Ananipa moja."

Mama Limi, aliyekuwa akijikanda bega la kulia, akauliza kama hiyo ya kwanza hupanda au hushuka. Altaf akamgeukia Bartholomeo na kumjibu yeye: inategemea bunduki, wakajaribu.

Mume na mkewe wakatoka, wakaenda nje ya mji. Saa nzima baadaye walirudi na kipande cha ubao. Bartholomeo akapitisha kidole kwenye matundu, moja baada ya jingine. Matatu yalikuwa yametawanyika ovyo. Matano yaliyofuata yangefunikwa na kiganja.

"Ya nne ndiyo ilianza kutii," alisema Mama Limi.

Wakakubaliana kwamba bunduki isisafishwe tena mpaka kazi iishe, na mdomo wa mtutu ufungwe kwa mpira mvua isiingie. Wakaondoka na risasi kumi na mbili.

Tangu hapo Altaf hakutulia. Mtu aliyezoea kusafisha bunduki miaka thelathini, je, akijisahau? Mikono inajiendea yenyewe. Kitambaa kikipita mara moja tu mle ndani, risasi ya kwanza itakwenda inakotaka yenyewe, na mbogo atakuja. Kila mvua ilipopiga bati, alitoka uani kuitazama kana kwamba angeweza kuizuia. Mteja aliomba misumari, akampa bawaba. Mkewe, Tahera, akamwambia ama akae ama aende, maana kule kuzunguka kwake kunamchosha hata asiyezunguka.

Siku ya tatu kondakta wa basi la Kahama akaleta habari kwamba bwana nyama ameingia kwenye matete, umesikika mlio mmoja, kisha kimya. Zaidi ya hapo hakujua. Altaf alifunga duka wateja wakiwa barazani, akawasha Land Rover.

Njia ilikuwa tope tupu. Alikwama mara mbili, akasukumwa mara mbili. Alipofika majarubani alipokewa na Mzee Mageni, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye mdogo wake alikuwa mmoja wa waliouawa. Mzee Mageni akamsimulia kwamba bwana nyama aliwakataza mgambo wasimfuate hata hatua moja, akaingia na mkewe tu, aliyembebea maji.

"Mlio ulikuwa mmoja?" Altaf aliuliza.

"Mmoja, baba. Tulingoja wa pili, hatukuusikia."

Mbogo alikuwa amelala ubavu, watu wamemzunguka na visu. Altaf alipiga magoti kwenye maji. Tundu lilikuwa moja, nyuma kidogo ya bega, pale pale linapotakiwa.  Alikaa hapo chini kwa muda, suruali imelowa, asijali.

Bartholomeo alikuwa ameketi kando juu ya kinu kilichopinduliwa, bunduki mapajani, uso ameuelekeza kwenye kelele za watu. Mama Limi alisimama nyuma yake. Altaf aliwapita watu, akasimama mbele ya Bartholomeo na kumnyooshea mkono. 

Mkono ukabaki hewani. Bartholomeo hakuupokea, wala uso wake haukugeuka.

Mama Limi akainama, akauchukua mkono wa mumewe, akauweka ndani ya mkono wa Altaf. "Ni Altaf, yuko mbele yako," alimwambia. Kisha akamsogelea Altaf, akashusha sauti Mzee Mageni asisikie.

"Nilimwacha mbogo afike hatua ishirini ndipo nikapiga. Tafadhali, ofisini wasijue."